Mkono wa Fundi Taratibu

Mdogo wangu watu wanamwita Fundi Taratibu, na hawajakosea. Akianza kumenya chungwa, mkewe, wifi yangu, husema wengine wote wamekwisha kula na kunawa. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Chumba cha kazi tunagawana: upande wa mlango cherehani yangu, upande wa dirisha meza yake, na bila mdomo wangu humo ndani ungedhani kuna matanga.

Msije mkadhani alizaliwa na kipaji. Utotoni aliua redio mbili za nyumbani na saa ya jirani kabla ya kutengeneza kitu hata kimoja. Kilichomfikisha hapo ni kukosa pupa. Mafundi wengine wakikuta pini imelala kwenye bodi ya kompyuta wanaichokonoa kwa bisibisi; ikikatika wanakwambia, "Mama, bodi imekufa." Yeye ana sindano ya hospitali, ile yenye tundu, ameisugua ncha mpaka ikawa butu. Anaivalisha juu ya pini, kama unavyovalisha kidole kastabini, halafu anainyanyua kidogo kidogo mpaka isimame na wenzake.

"Unamwamsha mgonjwa?" huwa namchokoza.

"Huyu ukimwamsha kwa nguvu, dada, shingo inakatika."

Basi asubuhi moja akaingia mpiga picha, mwanamke mwenye studio mtaa wa nyuma, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, niokoe. Haiwaki."

"Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu! Niliifungua tu nikaifuta vumbi."

"Kwa kitu gani hasa?"

"Kitambaa changu cha kufutia lenzi. Laini, kisafi, nakuapia."

Mtu akizoea kufuta lenzi, basi kila kitu kwake ni lenzi. Taratibu alikifungua kisanduku cha kompyuta, akafumba macho. Uzi wa kitambaa ulikuwa umenasa kwenye safu ya pini, pale unapochomekwa waya wa diski, na bibie akauvuta. Pini tatu zimelala, ya nne imekatika kabisa.

"Bodi za namna hii hazipatikani tena," Taratibu akasema. "Nikikosea, ndiyo basi."

"Usikosee," akasema mpiga picha, akavuta kigoda akakaa. Nilimwambia akafungue studio yake, tutamwita. Akasema haondoki.

Taratibu akavaa miwani ya kukuzia, akashika sindano. Halafu akasema, bila kuinua kichwa:

"Dada, simamisha cherehani. Meza inatetemeka."

Nikamtazama. Miguu yangu ilikuwa sakafuni. Nilikuwa natunga uzi.

"Imesimama."

"Basi kuna lori linapita."

Hakukuwa na lori. Kulikuwa na sauti ndogo tu, ya sindano ikigonga bodi: tik, tik, tik.

Sauti hiyo naijua. Baba yetu alikuwa kinyozi, na mkono wake wa kulia ulianza hivyo hivyo, kikombe kikigonga kisahani. Akasema ni baridi. Kisha akasema ni uzee, na uzee wenyewe ulikuwa mbali. Wateja hawakumtukana; walimfanyia adabu, ambayo ni mbaya kuliko tusi. Walipita mbele ya kibanda, "Shikamoo mzee, nywele bado hazijakua," na vichwa vimetimka kama mafagio. Siku alipomkata mtu sikio alifunga kibanda, na tangu hapo hakushika tena kitu chenye makali, hata kisu cha mkate. Mwisho tukawa tunamlisha. Hospitali alikataa katakata. Alisema ugonjwa usipouita jina, hauitiki. Nao uliitika vilevile.

Mimi na mdogo wangu hatujawahi kuulizana kama kitu kile kinarithiwa. Siku ile swali lilikaa mezani, mbele ya mteja.

"Wewe, mpiga picha," nikasema, "badala ya kukodoa macho njoo unishikie hiki kitambaa nikate." Nikamgeuza mgongo wake uelekee kwa Taratibu, nikampa ncha mbili ashike, na kukata sikukata.

"Dada." Sauti ya Taratibu ilikuwa ya chini. "Njoo."

Nikaenda. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye miwani.

"Nikandamize."

Nikaushika mkono wake juu kidogo ya kifundo, nikaulalia mezani kwa viganja vyangu vyote viwili. Jamani, niliusikia. Ulikuwa kama kuku aliyekamatwa, ametulia kwa nje na ndani anapapatika. Nilitaka kuuachia nikimbie. Badala yake nikakaza. Pini ya kwanza ikasimama. Ya pili. Ya tatu ilipinda kidogo. Akaiacha, akapumua, akairudia, ikasimama.

Ikabaki iliyokatika. Alichomoa nyingine kwenye bodi mbovu, akaiweka mahali pake kwa kibano, akachukua chuma cha kulehemu, cha moto, karibu na vidole vyangu.

"Ukiniunguza nakuzaba kofi."

"Usinichekeshe, dada."

"Mbona mnashikana?"

Mpiga picha alikuwa amegeuka. Mimi uongo sikosi, nilikwisha fungua mdomo. Taratibu akaniwahi.

"Mkono wangu unatetemeka, mama. Ndiyo maana ananishika. Ukitaka, chukua kompyuta yako sasa hivi, sitakulaumu."

Nikasema moyoni, haya, umejizika mwenyewe. Mdomo wa yule mwanamke ni redio ya mtaa. Kabla ya mchana wateja wote wangekuwa na nywele ambazo hazijakua. Alimtazama Taratibu, akanitazama mimi, akautazama ule mkono.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja."

"Sasa mimi niipeleke wapi na moja? Shoga, mkandamize vizuri, unamlegezea."

Moshi mwembamba ukapanda, risasi ya kulehemea ikayeyuka, ikang'aa, ikaganda. Akachomeka waya, akabonyeza. Taa ikawaka. Mpiga picha akapiga kigelegele peke yake, akaibeba akaondoka, na kama alisimulia au hakusimulia sijui mpaka leo.

Taratibu hakufurahi. Alikaa ameuficha mkono kwapani.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Ni ule wa baba?"

"Mimi fundi cherehani, si daktari."

"Dada, naogopa." Mtu mzima, ana mvi, ana watoto. Hajawahi kuniambia neno hilo tangu tuzaliwe.

"Hata mimi. Vaa viatu."

Njia nzima nilimsema, viatu vichafu, shati halina kifungo, ili asipate nafasi ya kugeuka. Hospitali tulikaa benchini, na kila jina lilipoitwa aliinama kama anakwepa jiwe. Likaitwa lake. Daktari, binti mdogo tu, akamwuliza maswali, kisha akasema:

"Mzee, nyoosha mikono yako mbele. Yote miwili, usiegemee kitu."

Taratibu akanitazama. Mikono yangu ilikuwa imeshanyanyuka kwenda kuushika wake. Nikaikalia.