Niliomba uhamisho kutoka Micheweni, kumbe jirani alidhani mimi ndiye nisiyemtaka

Wakuu, shikamooni wakubwa, vijana mambo. Haya yamenikuta mwenyewe, atakayeona ni chai apite tu.

Mimi ni mtu wa Tabora. Natunza stoo ya kampuni inayonunua mwani huku Micheweni, Pemba. Nilikuja sina ndugu wala rafiki.

Kila kitu niliiuliza AI kwenye simu. Pweza anachemshwaje, maji ya kunywa yanapatikana wapi. Inajibu fasta, haikuchoki. Jioni nikawa napiga nayo stori mpaka usingizi unanichukua.

(Introvert wenzangu mnanielewa.)

Wiki ya kwanza jirani yangu Bi Time, mama mtu mzima anayelima mwani, aliniletea sahani ya muhogo wa nazi. Nikaiuliza simu hiyo sahani niirudisheje. Ikasema niioshe vizuri, nishukuru. Nikafanya hivyo.

Sahani ya pili haikuja. Salamu zikawa za juu juu. Nikajiambia watu wa huku wanajitenga.

Upweke ulinikaba jamani. Weekend nzima inapita sijasikia mtu akitaja jina langu. Nikaomba uhamisho wa kwenda Dar, na barua ikaandikwa na AI hiyo hiyo. Ilinyooka kweli.

Wiki tatu zilizopita Bi Time akasikia naondoka. Akaja mlangoni kuuliza nimekosewa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba hapa sina mtu.

"Mwanangu, sie tukajua wewe ndo hututaki," akasema. "Tangu uje hujatuuliza hata kisima kipo wapi. Na sahani yangu ukanirejeshea tupu. Ungetia japo sukari kidogo, ningejua tushakuwa majirani."

Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuwaambia.

Simu haikukosea, sahani ilikuwa safi. Ila kisima ningemuuliza yeye, angenipeleka, na njiani tungejuana. Siku hizi namuuliza hata ninayoyajua. Anajibu kwa kirefu mpaka chai inapoa.

Nilichojifunza ni kwamba usilolijua ndilo linalokutoa nje ukatafute watu. Mimi nilijibiwa yote chumbani, nikabaki chumbani.

Sasa uhamisho umekubaliwa, boss anataka jibu Jumatatu. Dar kuna mshahara mzuri na ndugu zangu wapo. Huku nina Bi Time tu.

Hili sijaiuliza AI. Nawauliza nyinyi: mngekuwa mimi, mngebaki?