Spika Kwenye Friza ya Samaki

Mwaka mmoja baada ya kumzika mama, baba aliibeba redio yetu hadi Bwera, mimi nikifuatana naye, ili spika yake ikagandishwe. Mtu fulani alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba huko Ulaya watu hugandisha spika na nyaya, eti sauti itoke safi. Baba hakuhitaji kubembelezwa. Nyumbani kwetu Rukoki, betri za redio zikichoka tulizianika juu ya bati, na jua lilizirudishia nguvu kidogo. Kama jua linaamsha betri, alisema, baridi itashindwaje kuamsha spika?

Mimi nilijua spika haina kosa. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha saruji hapa Kasese tangu ujana wake, bila chochote cha kuziba masikio, na zile mashine zilimla masikio polepole. Ngoma bado aliisikia. Sauti ya mama, ile nyembamba aliyoanzishia nyimbo kanisani, ndiyo iliyompotea, nasi tulibaki nayo kwenye kaseti moja tu. Kila Jumapili aliiweka kaseti hiyo, akainama, akasonya, akailaumu redio. Nilimkasirikia, halafu nikamwonea huruma. Mtu amefiwa na mkewe, unaanzaje kumwambia kwamba kuna kingine kinamwondokea?

Shangazi, dada yake baba, anauza samaki wa kugandishwa Bwera. Yeye mdomo wake hauna breki.

"Kaka, spika iko muzima!" alimpigia kelele sikioni. "Ni masikio yako ndiyo imechoka. Mutu gani anaweka spika mu frigo?"

"Wewe weka tu," baba akajibu, huku tayari ameshika bisibisi.

Akang'oa spika na nyaya zake, akazifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, akazilaza mwenyewe kwenye friza, kati ya samaki wa ngege. Usiku ule alilala vizuri kuliko sisi sote.

Asubuhi alizirudisha kwenye redio, akafuta majimaji kwa shati lake, akatia kaseti. Meza nzima ilinuka samaki. Mle kwenye kaseti jogoo wetu wa zamani akawika, mama akakohoa kidogo, kisha akaanza wimbo. Ilikuwa sauti yake ileile, haikuongezeka wala kupungua. Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Mimi machozi yalinitoka, wala sikujaribu kuyazuia.

Baba aliinama hadi sikio likagusa ile spika ya baridi. Akangoja. Akageuza sikio la pili, akangoja tena, huku mama akiimba ubeti mzima. Alipoinua kichwa alitutazama nyuso zetu, mmoja mmoja.

"Inatoka safi sasa?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimemdanganya.

"Basi sikilizeni nyinyi," akasema, akatusogezea redio.