Bi Koroga na Pipa Lililoganda

Bi Koroga alikuwa na kicheko kisichojua adabu. Kilimtoka msibani, kilimtoka mbele ya wakwe, na sasa kilikuwa kinamtekenya kooni akiwa ameinamia pipa la jeli ya nywele, siku ya mwisho ya miezi yake mitatu ya majaribio. Bosi hakuwa amemumunya maneno: pipa hili likitoka safi, anaajiriwa, likiharibika, akalee wajukuu.

Na limeharibika, jamani! Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha juisi, ambako kila pipa humalizwa kwa kijiko cha unga mchachu. Mkono umezoea, ukatia. Vimiminika viwili vya kutengenezea jeli, vyote viangavu, vikageuka bonge jeupe lililozama chini na kuyaacha maji juu.

Bosi akaingia, akatumbukiza mkono. "Nini tena hii?" Bonge likamganda vidoleni. Akalivuta kwa mkono wa pili, nao ukanasa.

"Polima hizo, bosi. Molekuli ndefu kama minyororo, za aina mbili. Kila aina peke yake inayeyuka majini vizuri tu. Ukitia uchachu, haidrojeni za huku zinang'ang'ania oksijeni za kule, zinakumbatiana, maji yanafukuzwa."

"Nani katia uchachu?"

Angeweza kusingizia kwamba vimiminika vililetwa vibovu. Na kazi hii aliipenda mno.

"Mimi," akasema, na kicheko kikamponyoka.

"Nifungue kwanza, mama! Nitakufukuza baadaye!"

"Tulia basi, mwanangu," akasahau kuwa ni bosi. Akakoroga magadi kwenye maji, akammiminia mikononi. "Magadi yanazinyang'anya haidrojeni zao. Hakuna tena cha kushikania." Povu likafoka, bonge likalegea, kidole kimoja kimoja kikachomoka. Yaliyobaki akayamwaga pipani, akakoroga kwa nguvu zake zote, akicheka, jasho likimtoka. Povu likatulia. Jeli ikawa angavu hadi kitako cha pipa kikaonekana.

Bosi akachungulia pipani.

"Kabla yako nilileta mafundi watatu. Pipa likiwashinda, walikuwa wanamwaga nyuma ya ukuta, wananiambia limevuja."

Akavuta karatasi ya ajira. Kalamu ilimteleza mara mbili kwa jeli iliyobaki vidoleni kabla hajatia sahihi, na Bi Koroga akaketi sakafuni pu, anacheka na kulia kwa pamoja.