Kiti cha Regis Barabarani

Wewe, kura yako inauzwa bei gani? Usikimbilie kuniambia haiuzwi. Subiri kwanza jirani akubishie hodi na bakuli la pierogi za moto, aina ya sambusa za kuchemsha zilizojaa viazi na jibini, zikiogelea kwenye siagi na vitunguu. Ndipo unijibu.

Regis Hlavaty aliletewa bakuli hilo. Na alikula, tena akapangusa siagi kwa mkate.

Mimi ni mpangaji wake, naishi ghorofa ya juu katika nyumba yake nyembamba iliyong'ang'ania mlima upande wa kusini wa Pittsburgh. Regis ana miaka sitini na kitu, magoti mawili mabovu, na uso wa mtu anayekaribia kupiga chafya. Maisha yake yote ameandika habari za futiboli ya Kimarekani katika gazeti dogo ambalo watu hulitumia kufungia vyombo wakati wa kuhama. Marehemu mkewe alikuwa akisema Regis ndiye mwanamume pekee mjini anayeshinda uwanjani Jumapili nzima na kurudi nyumbani bila kujua nani kafunga. Ilikuwa kweli. Mpira ukiruka huku na watu wakipiga kelele, macho ya Regis hubaki kwa yale majitu matano yanayosimama mbele na kusukumana ili wengine wapate sifa.

Lakini kila Januari mtu huyu hugeuka waziri. Yeye ni mmoja wa waandishi wanaopiga kura nchi nzima kuchagua kikosi bora cha msimu, mchezaji mmoja mmoja kwa kila nafasi. Na Regis, tofauti na waoga wengi, huchapisha kura yake gazetini pamoja na sababu zake.

Mwaka huu ugomvi ulikuwa kwenye nafasi ya mlinzi wa kushoto, mmoja wa yale majitu matano. Wetu alikuwa Tavaris Boone, kijana aliyekulia mlima huuhuu. Mpinzani wake alikuwa Tuiloma wa Baltimore, na Baltimore, wale wa zambarau, mtaani kwetu hawatajwi mezani kabla watu hawajamaliza kula.

Kampeni zilianza kwa daktari wa meno.

"Fungua mdomo," alisema Daktari Fusco, mashine mkononi. "Zaidi. Boone, siyo?"

"Aaa," alisema Regis.

"Umesikia, nesi? Kasema ndiyo."

Halafu likaja lile bakuli, limebebwa na Dolores Pastorek, mjane wa nyumba ya jirani, mwanamke anayevaa jezi ya timu yetu, ya njano na nyeusi, hadi kanisani.

"Regis, mpenzi, umekonda."

"Sijakonda, Dolores."

"Umekonda. Kula. Boone nilimfundisha katekisimu mimi, unajua?"

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Shetani mtupu! Lakini shetani wetu."

Mimi nilikuwa ngazini, damu inachemka. Mambo ya nchi yanaharibika hivihivi! Yanaanza na viazi na jibini, yanaishia bungeni. Dolores alipoondoka nilishuka na kumpa Regis hotuba yangu yote juu ya kura safi. Alinisikiliza huku akitafuna.

"Umemaliza?" aliuliza. "Sasa sikia, mwanangu. Boone ni mzuri. Ila tangu Novemba bega linamuuma, na watu wanampita. Yule wa Baltimore hapitwi. Nimerudia kutazama mechi zao mpaka macho yamevimba, nikitafuta kosa lake hata moja la maana. Nimelikosa, na nimelitafuta kwa moyo wote."

"Basi mpigie yeye!"

"Wewe una magoti mazima, ndiyo maana unasema haraka." Akaonyesha dirishani. "Wakininyang'anya kile kiti, nimekwisha."

Kiti chenyewe kilikuwa barabarani kando ya gari lake, cha jikoni, kimepasuka ngozi yake nyekundu. Mtaani kwetu theluji ikianguka, ukichimba mahali pa kuegesha gari lako, unaweka kiti kila unapoondoka, na hakuna atakayekigusa. Polisi watu hubishana nao, kiti hapana. Asiye na kiti huacha gari bondeni na kupanda ngazi ndefu za zege hadi juu mlimani, na ngazi zile humfanya hata mbuzi atukane. Kwa Regis, kiti kile ndicho kilichomwezesha kuendelea kuishi katika nyumba aliyozaliwa.

Ijumaa gazeti likatoka. Mlinzi wa kushoto: Tuiloma.

Regis aliporudi kutoka kazini jioni, mahali pake palikuwa na lori la mkwe wa Dolores. Kiti kilikuwa barazani kwetu, miguu juu. Hakuna aliyemtukana. Mapazia tu yalitikisika mtaa mzima. Aliacha gari bondeni akapanda ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache, na mimi, niliyeshuka kumpokea, nyuma yake nikiwa tayari kumdaka.

"Nakwenda kuwaambia ukweli, nyumba kwa nyumba," nilisema.

"Kaa hapohapo! Utanimalizia hata hao wachache wanaonichukia kidogo."

Hodi ilipigwa. Dolores.

"Nimefuata bakuli langu."

Regis alimpa, limeoshwa.

"Ulizila zote," alisema Dolores, akilitazama ndani.

"Zilikuwa tamu."

"Zilikuwa za Boone!" Akaondoka. Usiku ule nilimsikia Regis akimuuliza dada yake kwa simu kama kule kwake Ohio kuna nyumba zisizo na ngazi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dirishani. Lori la mkwe lilikuwa limeondoka, na pale mahali palikuwa wazi. Likapanda gari moja lenye bendera ya zambarau, namba za Maryland, jimbo la Baltimore, likaanza kurudi nyuma taratibu kuingia pale.

Mlango wa Dolores ulifunguka kwa kishindo. Alitoka na gauni la kulalia na mabuti, akaruka hadi barazani kwetu, akakwapua kiti cha Regis, akakikita katikati ya ile nafasi na kukikalia.

"Pana mwenyewe hapa!"

Dereva alishusha kioo. Alikuwa na boksi la keki za nyama ya kaa, chakula cha kwao, mapajani. "Mwenyewe nani, mama?"

"Regis Hlavaty."

"Huyohuyo! Nimesafiri kutoka Baltimore nimpe mkono. Mtu mwaminifu sana yule!"

"Mkono tuma kwa posta. Uaminifu wake tunaujua sisi, tumeuvumilia miaka yote. Na kumtukana ni kazi yetu pia, hatuhitaji msaada. Haya, geuza!"

Yule bwana aliacha boksi juu ya theluji kama sadaka, akateremka mlima kinyumenyume.

Regis alikuwa ametoka barazani, funguo mkononi.

"Unatazama nini?" Dolores alimfokea. "Kalete gari lako kabla sijaganda!"

Regis alianza kushuka ngazi, akishikilia chuma. Dolores alibaki kitini katikati ya ile nafasi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuta lile boksi kwa ncha ya buti, akalifungua, na nilimwona kwa macho yangu akitafuna.