Tepu za Shamba la Moiben

Nilizaliwa Eldoret, baba yangu akiwa karani aliyetoka upande wa magharibi kufuata kazi. Uhuru ulipokuja nilikuwa bado shuleni. Nilipomaliza chuo kikuu niliajiriwa kufundisha somo ambalo baba hakujua aliite nini.

"Unafundisha redio?" aliniuliza. "Redio si unaifungua tu, inaongea yenyewe?"

Nilimweleza kwamba tunachunguza namna vyombo kama redio vinavyobadilisha maisha ya watu. Akaenda kuwaambia majirani kwamba mimi ni fundi wa redio. Kila nikirudi nyumbani likizo nilikuta redio mbovu zimepangwa sebuleni zikinisubiri. Sikuweza kutengeneza hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini chuo kilinituma nikafanye utafiti kwetu. Wakati huo Wazungu wengi walikuwa wameuza mashamba yao, na watu walikuwa wakichangishana na kuyanunua kwa pamoja. Nilichagua shamba moja kwenye njia ya Moiben. Wenye hisa walikuwa mchanganyiko: wenyeji wa hapo hapo, wengine waliotoka upande wa kati, wengine wa magharibi kama baba, na wachache waliokuwa vibarua wa Mzungu yule yule. Kila Jumanne jioni walikusanyika kwenye veranda ya nyumba aliyoiacha, wakasikiliza kipindi cha wakulima, halafu wakajadiliana walichosikia. Kazi yangu ilikuwa kukaa nao, kunasa mazungumzo kwenye tepu, na kupeleka sehemu yake kwa studio ndogo iliyotayarisha kipindi hicho, ili wakulima wa kwingine wawasikie wenzao.

Mara ya kwanza nilipowachezea sauti zao walipiga kelele za furaha. Mwenyekiti wao, mzee mrefu aliyevaa koti zito hata jua likiwaka, alikataa kabisa kwamba ile sauti ni yake. "Huyo ni mtu mwingine," alisema. "Mimi siongei kwa pua."

Aliyeizoea mashine mapema kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane. Bwana yake alinunua hisa akafa kabla mahindi ya kwanza hayajavunwa. Yeye ndiye aliyesimamia ukamuaji wa maziwa, na alipokuja kwenye veranda mikono yake ilikuwa bado inanuka ng'ombe. Wanawake wengine walikaa nyuma wakanong'ona. Yeye alivuta kiti akakaa karibu na kinasa sauti, akakiangalia kinavyozunguka.

Mwaka huo jambo lililowasumbua wote lilikuwa kugawana. Wengi walitaka shamba lipimwe, kila mwenye hisa aoneshwe kipande chake, aweke ua na kujenga. Siwalaumu. Watu waliokulia kwenye ardhi ya wengine walikuwa na kiu ya kusema "hapa ni kwangu." Lakini jioni moja, nikiwa ninanasa, yule mama alisimama.

"Wazee, mnataka kugawa. Sawa. Mahindi gawaneni," alisema. "Lakini hii dipu ya kuogeshea ng'ombe mtagawa namna gani? Mtakata maji vipande? Ng'ombe achovye kichwa kwako, mkia achovye kwa jirani?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akashika mbavu. Yeye hakucheka. Alingoja watulie.

"Ng'ombe wa maziwa na dipu viachwe vya wote. Mimi sina bwana. Tukiwa pamoja, mimi ni mwenye shamba kama nyinyi. Tukigawana, nitakuwa mjane tu."

Mwenyekiti akauliza, "Mama, unajua haya maneno yanaenda kwa redio?"

"Yaende," alijibu.

Nilirudi mjini nikiwa na furaha ya mtafiti aliyepata alichokitafuta. Nilikata tepu kwa uangalifu nikaipeleka studio mwenyewe. Mtayarishaji aliisikiliza akichezea kalamu.

"Mama anaongea vizuri," alisema. "Lakini hiki ni kipindi cha kilimo, bwana. Mambo ya kugawa ardhi ni siasa."

"Dipu ni siasa?"

"Siku hizi kila kitu ni siasa. Tutaona kama kuna nafasi."

Wiki iliyofuata niliketi nao kwenye veranda. Watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine, maana habari ilikuwa imeenea kwamba shamba letu litasikika. Yule mama alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Kipindi kikaanza, mtangazaji akasifu shamba, kisha ikaja sauti ya mwenyekiti ikishukuru kwa ushauri juu ya mbolea. Watu wakapiga makofi. Baadaye ukaja muziki, halafu bei za mahindi. Mama alikaa wima mpaka mtangazaji alipoaga. Wengine walipoinuka alinifuata kando.

"Mwalimu, nilisema vibaya?"

"Hapana, Mama. Walikosa nafasi."

"Nafasi ya kuniweka mimi?"

Nilimwahidi kwamba nitaileta tepu nzima, niicheze mbele ya wote siku ya mkutano wa kuamua, kabla hawajapiga kura. Watu wengi waliokuwa na kura hawakuwepo jioni ile aliposimama. Aliitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi ya mkutano mvua ilinyesha kana kwamba imetumwa. Gari la chuo lilizama kwenye tope kabla ya kufika Moiben, na dereva na mimi tulikata matawi, tukaweka chini ya magurudumu, tukasukuma, likazama tena. Mwishowe mwenye trekta alituona akatuvuta. Nilipofika shambani nikiwa na tope hadi magotini, watu walikuwa wakitoka.

"Mwalimu, pole," mwenyekiti aliniambia. "Tumemaliza. Tumekubaliana kugawa kila kitu."

Niliomba waliobaki wakae kidogo. Niliweka mashine juu ya meza nikacheza tepu. Kicheko cha jioni ile kikasikika tena, kisha sauti ya yule mama ikasema kwamba wakigawana atakuwa mjane tu. Yule mama alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Kumbe nilisema hivyo," alisema polepole. "Niliongea vizuri."

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea mlango akasema, "Kama tungesikia hii asubuhi..." Alivaa kofia yake akatoka kwenye mvua.

Sijui kama tepu ile ingebadilisha kura. Nimejiuliza kwa miaka mingi, na bado sijui.

Mpima ardhi alikuja kiangazi. Ng'ombe waliuzwa, maana hawangegawanyika sawa. Dipu iliangukia kwenye kipande cha mtu mmoja, naye akaizungushia ua. Baadaye ikakauka, kupe wakamaliza ndama wa jirani zake na wake mwenyewe. Kuna waliofaulu. Wengine walipanda mahindi wakajenga nyumba za mabati, watoto wakasoma. Yule mama alipata kipande cha mteremkoni, mbali na mto. Nilimtembelea mara moja nikamkuta akilima peke yake. Hakunilalamikia. Aliniuliza tu kama bado natembea na ile mashine.

Muda mfupi baadaye nilipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Niliandika tasnifu yangu kuhusu kikundi kile cha veranda, na walimu wangu waliisifu, hasa sura iliyomhusu mwanamke ambaye redio ilimkosesha nafasi. Niliporudi nchini, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwenye kabati la idara kutafuta tepu zangu. Maboksi yalikuwepo, na mwandiko wangu juu yake. Niliweka moja kwenye mashine. Ikatoka sauti ya mwalimu akitamka maneno ya Kifaransa polepole, na wanafunzi wakiyarudia.

"Tepu zilikuwa adimu," mwenzangu alinieleza kwa upole. "Tukatumia zile za zamani. Hukuwa umemaliza nazo?"

Niliendelea kufundisha. Nilizungumza habari za shamba lile mbele ya wanafunzi mwaka hadi mwaka, nikapandishwa cheo, nikaalikwa mikutanoni. Kisha siku moja msichana aliyekuwa akisomea ualimu alibisha mlango wa ofisi yangu. Alitokea njia ya Moiben. Mama yake, yule mjane wa veranda, alisema, alikuwa amefariki kwa homa, naye aliambiwa na mzee mwenyekiti kwamba sauti ya mama iko kwangu.

"Sina picha yake hata moja," alisema. "Nilitaka kumsikia tu. Hata kidogo."

Nilimwambia ukweli kuhusu tepu. Alitazama chini, akakunja mikono. Ili nisimwache aondoke hivyo, nilimwambia naweza kumsimulia maneno yenyewe, maana nayajua kwa moyo. Nikaanza. Nikamwambia habari za dipu, za kichwa na mkia wa ng'ombe, za kuwa mwenye shamba na kuwa mjane tu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Maneno ni yake," alisema. "Lakini mama hakuwa anaongea polepole hivyo. Alikuwa anaongea haraka, kama mtu mwenye maziwa jikoni."

Nikajaribu tena, haraka zaidi. Akatabasamu kwa adabu, akanishukuru, akaniambia ana darasa. Nilisimama dirishani nikamwona akivuka uwanja, akitembea upesi upesi, vitabu kifuani. Pengine mama yake alitembea hivyo pia. Sikuwahi kuangalia, nilikuwa nikiangalia mashine.