Kamba ya Pazia

Leo mchana mke wangu, Maman Furaha, alikufa mbele ya parokia nzima, na mimi nikasahau kumfungia pazia.

Ngojeni nieleze.

Katika mchezo wetu yeye ni malkia. Anakunywa sumu, anaanguka jukwaani, pazia linafungwa, watu wanalia. Amefanya mazoezi miezi mitatu kwa ajili ya machozi hayo. Mimi, nisiyeweza kukariri hata mstari mmoja, nilipewa kamba.

Basi akaanguka. Taa ya buluu ikamshukia usoni, laini kama ziwa letu asubuhi. Nikamtazama mpaka nikasahau kwamba nina mikono.

Malkia akalala. Akaendelea kulala. Nzi akatua puani.

"Papa Furaha, vuta kamba! Niko nakufa mara ya pili huku!"

Machozi yalitoka kweli, lakini ya kicheko. Hata padri alishika tumbo.

Tukashika njia ya kurudi kwetu Nyalukemba. Njiani akauliza, "Ulikuwa unawaza nini?"

"Niliona nikifunga, sitakuona tena."

Akanishika mkono.

"Kesho tunarudia. Kamba atashika mwingine. Weye utakaa mbele, ulie."

Mwenye kitambaa kikubwa aniazime.