Mbasela niliyotoa Chapwa ikawaponza makinda wawili wa korongo taji kule Ivuna

Wakuu, habari za humu ndani.

Huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, nacheka, napita. Leo naandika mwenyewe, na sitajipaka mafuta. Yote nitakayosema yalitokea, na pale nilipofanya ujinga nitauita ujinga.

Nina duka la maturubai na kamba hapa Chapwa, Tunduma. Wateja wangu ni madereva wa malori. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu mimi nakula vizuri, Mungu anisamehe.

Mwaka juzi dereva mmoja alikwama kwenye foleni akaniletea kamera yake na lenzi ya kupigia vitu vya mbali, ndefu kama chupa ya chai. Alitaka maturubai mawili. Nikampa moja na kamba. Akakataa, akaondoka, akarudi. Wote hurudi.

Ndiyo nikaanza kupiga picha ndege wa porini. Mke wangu aliuliza kama hao ndege watanisaidia kulipa kodi ya fremu.

Kwa wasiojua: hii si kazi ya kunyoosha simu. Lenzi ni nzito, ukihema tu picha inatikisika. Ndege yuko mbali, hataki sura yako. Ikifika saa nne asubuhi joto linapanda kutoka ardhini, kila kitu kinacheza cheza kwenye kioo. Kwa hiyo unatakiwa uwahi, na upate sehemu ya juu.

Hiyo sehemu ya juu ndiyo ilinipeleka kwa Mama Happy.

Mama Happy analima mpunga kule Ivuna, bonde la Rukwa. Katikati ya shamba ana dungu, kile kichanja cha miti anachokalia kuwinga kwelea kwelea wasimalize mpunga. Baada ya shamba kuna matete na maji. Nilisikia humo kuna korongo taji wamezaa. Ukiwa chini huoni kitu zaidi ya vichwa viwili vyenye taji za dhahabu vikipita juu ya majani.

Nilimkuta juu ya dungu na kombeo mkononi, debe tupu pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo bomba ni la nini?"

"La kupigia picha ndege."

"Ndege? Chukua hawa wote, nakupa na mifuko."

Nikamwambia nataka wale wa kwenye matete. Akaacha kucheka.

"Wale sijawahi kuwarushia hata udongo. Mwaka jana walipita watu wakabeba kinda. Wakubwa walilia hapo siku nne, hata mimi sikula vizuri. Safari hii wana wawili."

Nikatoa hela ya kupanda dungu. Akakataa. Nikaongeza. Akaniangalia kama naongea Kichina.

"Weka hela yako. Ukiwa juu ya dungu langu, unawinga. Ukishuka, hujui hapa ni wapi. Umenisikia, mwanangu?"

Nikakubali haraka. Moyoni nikasema huyu mama hajui bei.

Nilikaa asubuhi tatu. Nabana pumzi, namweka korongo kwenye focus, kidole kinataka kubonyeza, mara wingu la kwelea linatua kwenye mpunga na sauti inatoka chini: "Winga wee! Umelala huko?" Napiga debe. Korongo wanainua shingo, picha imekwenda.

Picha zaidi ya mia nne. Zilizotoka safi kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini ya kumi na mbili.

Lakini moja, wakuu. Mkubwa ameinamisha shingo, kinda anapokea panzi mdomoni mwake. Wa pili yuko nyuma, manyoya bado kama pamba chafu, anasubiri zamu. Mkubwa mwingine, baba au mama, sijui, anatazama pembeni kama mlinzi wa benki.

Wakubwa wawili, makinda wawili. Nikahesabu tena. Wanne.

Siku ya kuondoka nilimfungia Mama Happy turubai la bluu juu ya dungu, maana jua la bonde lile halina adabu. Lile zito, si la kuchanika. Akacheka, akasema sasa dungu lake limekuwa Tunduma. Bonde zima halikuwa na dungu lingine lenye turubai la bluu.

Mlikumbuke hilo turubai.

Nikaweka picha kwenye status, bila kutaja mahali. Ahadi niliishika wiki tatu.

Kisha akaja jamaa mmoja dukani. Msafi, mpole, Kiswahili cha kwetu kabisa. Alisema anatengeneza kalenda za hoteli, anataka picha tatu. Nikataja bei ya kumtisha. Hakutishika sana. Tukavutana kama nusu saa, tukapatana mahali ambapo mimi nilijua nimeshinda na yeye akajifanya ameumia. Akalipa pale pale.

Halafu akasema, "Sasa bosi, mbasela yangu?"

Kwa wasioishi mpakani: mbasela ni nyongeza anayodai mnunuzi mkishapatana. Nyanya moja juu ya fungu. Kipande cha kamba juu ya turubai. Neno limevuka kutoka Zambia na halijawahi kulipa ushuru. Ukimnyima mtu mbasela wewe ni mchoyo, na harudi.

Nikamwambia achague picha ya nne.

"Picha zinatosha. Nipe location tu. Nikipata wageni niwapeleke wakawaone."

Nilisita, nisiwadanganye. Mama Happy alinijia kichwani, na sauti yake. Halafu nikapiga hesabu: mbasela yenyewe ni maneno. Haitoki stoo, hainipunguzii kitu. Nikaona huyu nimempiga mara ya pili.

"Shuka mpaka Ivuna, ulizia mashamba ya mpunga ya upande wa matete."

"Yatakuwa mengi. Nitapajuaje?"

"Tafuta dungu lenye turubai la bluu. Mama akiwa mkali, mwambie umetumwa na mtu wa turubai."

Hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nafunga droo.

Wiki mbili baadaye nikarudi Ivuna. Nilikuwa nimesafisha ile picha ya panzi, kubwa, nimpelekee mama. Mpunga ulikuwa unavunwa. Dungu lilikuwa wazi, bila turubai. Nikadhani upepo.

Nikapanda, nikafunga lenzi. Wakubwa wawili walikuwepo, wanatembea pale pale, wanazunguka sehemu moja ya matete, wanaita. Hawali. Wanaita, wanasimama kidogo, wanaita.

Nikahesabu. Wawili. Nikahesabu tena, nikasogeza lenzi jani kwa jani mpaka mkono ukafa ganzi.

Wawili.

Mama Happy alikuja na mundu mkononi. Hakusubiri shikamoo yangu.

"Wenzako walikuja."

"Wenzangu gani mama?"

"Wawili, na pikipiki. Wakasema wametumwa na mtu wa turubai. Nikawapandisha mwenyewe. Nikawaambia wasisahau kuwinga. Wakacheka. Mimi nikaenda kuchota maji, maana nilishaona ni watu wako. Narudi, wako kule kwenye matete na wavu. Nimepiga debe mpaka likatoboka. Wameondoka na tenga."

Nikatoa ile picha kwenye bahasha, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi. Akaiangalia. Akagusa kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne.

"Uliwauza bei gani?"

"Sikuwauza mama. Niliuza picha. Mahali nilitoa tu... mbasela."

"Bure?"

"Bure."

Akanirudishia picha.

"Afadhali ungewauza. Anayeuza anajua ametoa nini."

Turubai alikuwa amelikunja vizuri, amelifunga na kamba yangu ile ile. Akaniwekea miguuni, akarudi kuvuna. Nimeshatukanwa na madereva wa nchi kadhaa, wakuu. Hakuna tusi lililowahi kunishika kama ule mgongo.

Nilikwenda kutoa taarifa kwa watu wa wanyamapori. Walinisikiliza vizuri tu. Namba ya jamaa ilikuwa imezimwa, jina alilonipa ni la watu nusu ya Tanzania. Kwenye maelezo nikaulizwa nani aliwaelekeza eneo. Ilibidi nijitaje mwenyewe. Yule bwana wa wanyamapori aliandika bila kuinua kichwa, na nikashukuru hakuinua.

Mpaka leo, kimya.

Najua kuna mtu anakuja kuandika kwamba nina lenzi ya kuona mbali lakini aliyesimama mbele yangu sikumwona. Hiyo nimeshajiambia, tafuteni nyingine.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliamini kitu kisichonigharimu hakina bei. Kumbe bei yake ilikuwepo, ila mlipaji hakuwa mimi. Mwenye kupiga ndege picha, ukionyeshwa mahali, mahali hapo si pako. Mwenye mahali alikukopesha macho tu.

Turubai liko dukani, halijafunguliwa. Wateja wanaliulizia, nasema lina mwenyewe.

Haya, semeni. Mnaotaka kunipa makavu nipeni, nimekaa. Na kama kuna yeyote amewaona korongo taji wawili wadogo wamefungiwa mahali, iwe Mlowo, Tunduma au ng'ambo, taji zitakuwa zimeanza kuota sasa, naomba aniandikie inbox.

Nitakuja kuwachukua. Bei ataje yeye, sitabishana.